Kurt Lewin na Nyama ya Figo

Kurt Lewin, bingwa wa saikolojia, alizaliwa mwaka 1890 huko Mogilno, mji uliokuwa wa Ujerumani na ambao leo umo Poland. Alipigana Vita Kuu ya Kwanza akiwa askari wa mizinga, akajeruhiwa. Mwaka 1933, kwa kuwa Myahudi, aliukimbia utawala wa Hitler, akahamia Marekani.

Katika Vita Kuu ya Pili raia walihimizwa kula moyo na figo ili nyama nyingine iwafikie askari. Wengi wakaona kinyaa. Huko Iowa, Lewin aliwajaribu akina mama. Kati ya waliohutubiwa tu, 3 katika kila 100 walizipika. Kati ya waliojadiliana na kukata shauri pamoja, 32.

Alifariki mwaka 1947. Mkuu wa kikosi, awe Bugendana au kwingineko, na akumbuke: amri hukifikisha chakula sahanini, shauri la wenyewe hukifikisha kinywani.