Siti Binti Saad Avae Nini?

Alizaliwa kijijini Fumba, Unguja, karibu na mwaka 1880, akapewa jina la Mtumwa. Jina hilo halikuwa na fumbo lolote. Baba yake alikuwa Mnyamwezi na mama yake Mzigua, watu wa bara walioangukia utumwani, na mtoto naye akazaliwa ndani ya hali hiyohiyo. Jina la Siti, yaani bibi wa heshima, lilikuja baadaye sana, sauti yake ilipokwisha kuanza kusikika mjini. Maisha yake yote yako katikati ya majina hayo mawili.

Nayaandika haya kwa sababu klabu yetu ya maigizo inatengeneza filamu fupi juu yake kwa pesa za michango yetu wenyewe, na mpaka sasa hatujaelewana juu ya nguo. Kamera ni simu, hilo halina ubishi. Lakini wapo wanaotaka Siti atoke amependeza tangu picha ya kwanza: gauni la kumetameta, kope za bandia, nyusi zilizochorwa, wigi. Wanasema watazamaji wanataka kuona nyota. Mimi nasema tukifanya hivyo tutakuwa tumemfuta, maana kwenye Unguja ya utoto wake nguo ilikuwa kitambulisho. Ukimtazama mtu barabarani ulijua ni mali ya nani.

Mtumwa alivaa merikani, kitambaa kizito cha pamba kisichopaushwa ambacho meli za Wamarekani zilikileta tangu miaka ya 1830, ndiyo maana kikaitwa hivyo. Mwanamke alijifunga shuka moja kifuani, mabega wazi, kichwa wazi, miguu bila viatu. Kujifunika kichwa na kuvaa viatu kulikuwa alama za waungwana. Merikani ikitiwa nili mpaka ikawa buluu nzito inayokaribia weusi, ikawa kaniki, nguo ya kazi isiyoonyesha uchafu. Kaniki ya leo wengi wetu tunaijua kwa waganga tu, lakini kwa msichana wa Fumba ndiyo ilikuwa nguo ya kila siku. Upande wa pili wa mji, mabibi wa Kiarabu walivaa suruali za marinda, kanzu za hariri na barakoa usoni. Hawakuonekana ovyo barabarani, na kutoonekana huko ndiko kulikuwa heshima yenyewe.

Siti hakusoma shule. (Sisi tunaosomea ualimu tuitafakari hiyo polepole.) Alikua akijifunza kufinyanga na kuuza vyungu, biashara ya mama yake. Alivibeba kichwani juu ya ngata, akatembea kwa miguu kutoka Fumba hadi mjini, mwendo wa zaidi ya kilomita 15, akivinadi kwa kuimba. Inasemekana watu waliijua sauti yake kabla hawajamwona uso. Picha hii kwetu ni rahisi kuliko zote: shuka moja iliyopauka, ngata, vyungu vitatu vya kuazima, vumbi la kweli miguuni. Usoni asipakwe kitu. Mafuta ya nazi kidogo kwenye ngozi yanatosha, na jua litafanya lililobaki.

Mwaka 1897 hali ya utumwa ilifutwa kisheria Unguja, naye alikuwa msichana wa miaka 17 hivi. Sheria peke yake haikumbadilisha mtu machoni pa jirani yake. Wanawake waliotoka utumwani walilijua hilo, wakaanza na kile walichoweza kukigusa, wakaitupa kaniki na kununua kanga. Kanga nayo ilikuwa bado changa. Ilitokana na leso za rangirangi zilizouzwa kwa jora, ambazo wanawake wa pwani walizikata na kuziunga ziwe nguo moja pana. Kununua doti nzima, moja ya kujifunga na moja ya kujitanda kichwani, kulikuwa tangazo. Kichwa kilichokatazwa kufunikwa sasa kimefunikwa. Ndiyo maana naipigania picha moja ambayo haimo kwenye mswada wetu: Siti anajitanda kanga kwa mara ya kwanza, taratibu, bila muziki, bila mtu kusema neno.

Hapa mafundi wetu wa mavazi wawe macho. Kanga nyingi za Mtaa wa Uhuru zina jina kwa herufi za Kirumi, lakini kanga za mwanzo zilizoandikwa ziliandikwa kwa herufi za Kiarabu. Msemo wa mwaka huu ukisomeka mgongoni mwa mwanamke wa 1905, filamu imekwisha hapo hapo. Dawa yake si ghali. Tutafute kisutu, ile nyekundu, nyeusi na nyeupe, ambayo ni ya zamani na kwa kawaida haina jina. Ikikosekana, tukunje pindo lenye maandishi liingie ndani. Na zisiwe mpya zenye wanga, zifuliwe mara tano kwanza.

Aliolewa, akazaa binti, ndoa ikavunjika. Mwaka 1911 akahamia mjini, Ng'ambo, upande wa pili wa mkono wa bahari uliowatenga maskini na majumba ya mawe. Huko akakutana na Ali Muhsin, mpiga ala aliyemfundisha kuimba na muziki na kumtambulisha kwa wenzake. Taarabu ya kasri wakati ule iliimbwa kwa Kiarabu. Siti na wenzake, Subeti bin Ambari, Buda bin Swedi, Mbaruk na Maalim Shaban, wakaiimba kwa Kiswahili, mbele ya watu ambao lugha hiyo ndiyo waliyokuwa nayo. Waliimba mapenzi, lakini pia hakimu, askari na tajiri mdhulumaji. Wimbo juu ya Kijiti, mwanamume aliyemuua mwanamke mgeni mwenye mimba kisha akatoroka huku mashahidi wa kike wakitiwa hatiani, ulibaki midomoni mwa watu kizazi hata kizazi.

Umaarufu ukaleta maadui. Wapinzani walimtungia wimbo wa kumcheka kwamba si mzuri wa sura na kwamba alitoka shamba na kaniki zake. Hebu ona: walipotaka kumuumiza, walichokitaja ni nguo! Naye hakukana. Alijibu kwa wimbo kwamba sura na ukoo havimfanyi mtu, mwenye hasara ni yule asiye na akili. Sasa niambieni, jibu hilo litasimamaje kinywani mwa mwigizaji tuliyempaka mpaka akawa mrembo wa mashindano? Wimbo huo utakuwa hauna maana tena. Mwigizaji wetu ana sauti nzuri na uso wa kawaida kabisa, na mimi naona hiyo ni bahati yetu, tusiifunike kwa poda.

Hii haina maana kwamba akae ovyo. Siti wa Ng'ambo alikuwa mtu wa shughuli za usiku, na mwanamke wa pwani alijipamba. Kwa miaka ya 1920 tuna wanja wa manga machoni, si wa kuchora mkia mpaka kwenye panda la uso. Tuna hina mikononi na miguuni, liwa, dalia, na vikuba vya asumini na rehani vilivyofungwa kwa uzi. Kamera haishiki harufu, lakini mwigizaji aliyefukizwa udi hukaa tofauti, mjaribu muone. Nywele zisukwe mistari ya twende kilioni, bila rasta za kuongezea. Masikioni wenye nacho walivaa majasi ya fedha, na wasio nacho waliviringa karatasi za rangi wakazipachika kwenye matundu. Karatasi za rangi tunazo duka la vifaa pale getini.

Buibui nalo lilianza kuenea Unguja mwanzoni mwa karne ya 20, na wanawake waliotoka utumwani walilipokea haraka kwa sababu lilificha kilicho chini yake. Ndani ya buibui, mjukuu wa mtumwa na mjukuu wa tajiri walifanana. Lakini lilikuwa buibui la kushonwa zima, lenye kamba ya kufunga kichwani, siyo abaya ya vifungo na mawe ya kung'aa mnayoiona leo. Mita chache za kitambaa cheusi na cherehani ya kuazima zinatosha.

Mwaka 1928 kundi lilipanda meli kwenda Bombay kurekodi santuri za kampuni ya His Master's Voice, na Siti akawa mwanamke wa kwanza wa Afrika Mashariki ambaye sauti yake ilinaswa na kuuzwa. Santuri zikaenea pwani na bara, mpaka watu wasio na gramafoni wakawa wanasikilizia barazani kwa wenye nayo. Muuza vyungu akaitwa kuimba majumbani mwa matajiri na kwa sultani. Sehemu hii tutaifupisha, maana meli hatuna. Chumba cha kurekodia tutakifanya kwa ukuta mweupe, mkeka na Siti amesimama na kanga mpya. Mara hii mpya kweli, mikunjo ya dukani ionekane.

Alifariki tarehe 8 Julai 1950. Shaaban Robert aliandika wasifu wake, na kitabu hicho kimo maktaba yetu, wanaobishana nami wakakichukue kwanza. Picha zilizobaki ni chache na hazina rangi, kwa hiyo rangi ya kanga ya mwisho tutachagua wenyewe. Kabla ya hapo tunahitaji mtu wa kusuka. Mwenye bibi au shangazi anayeijua twende kilioni ya zamani atupe habari kabla ya wiki ya mitihani. Soda na nauli zipo.