Kwame Nkrumah: mwanafunzi wa uchumi aliyeuza samaki Harlem

Kabla ya kuwa rais wa kwanza wa Ghana, Kwame Nkrumah alikuwa mwanafunzi asiyekuwa na pesa ya masomo.

Alizaliwa mwaka wa 1909 huko Nkroful, katika Gold Coast iliyotawaliwa na Uingereza. Mwaka wa 1935, akiwa mwalimu kijana, alivuka bahari kwenda Marekani. Alipokelewa na Lincoln University, chuo kidogo cha binafsi katika jimbo la Pennsylvania, kilichoanzishwa mwaka wa 1854 kwa ajili ya vijana weusi waliofungiwa milango kwingine. Huko alisoma uchumi na sosholojia, pamoja na falsafa na dini.

Ilikuwa miaka ya mdororo mkubwa wa uchumi. Ili aendelee kusoma, Nkrumah alifanya kazi katika maktaba ya chuo. Wakati wa likizo aliuza samaki barabarani Harlem, mjini New York, akafanya kazi katika kiwanda cha sabuni na kuosha vyombo melini.

Mwaka wa 1937, akiwa bado masomoni, wakulima wa kakao kwao waligoma kuuzia makampuni ya Ulaya yaliyopatana juu ya bei. Mgomo huo ulionyesha wazi jambo moja: aliyelima kakao siye aliyepanga bei yake. Nkrumah alipata shahada yake mwaka wa 1939.

Alirudi nyumbani mwaka wa 1947, na tarehe 6 Machi 1957 Ghana ikapata uhuru. Mwezi Desemba 1958, Patrice Lumumba alihudhuria mkutano wa Waafrika aliouitisha Accra. Na katika kitabu chake cha mwaka wa 1965 juu ya ukoloni mamboleo, Nkrumah alichunguza hata kampuni ya Union Minière iliyochimba shaba ya Katanga.

Alijenga viwanda na bwawa la umeme la Akosombo, lakini Ghana iliendelea kutegemea kakao. Bei ikaanguka, madeni yakapanda. Wapinzani walifungwa bila kuhukumiwa, na tangu 1964 chama kikabaki kimoja. Tarehe 24 Februari 1966, akiwa safarini Asia, wanajeshi walimpindua.

Aliishi uhamishoni Guinea, akafariki Bucharest, Romania, tarehe 27 Aprili 1972. Hadi leo, Ghana bado inauza nje sehemu kubwa ya kakao yake ikiwa mbegu kavu, na bei inapangwa kwingine.