Frank Hornby, karani wa nyama aliyewapa watoto gari la moshi

Ukipita vichochoro vya Riruta siku ambazo shule zimefungwa, hukosi kumwona mtoto akisukuma gari la waya. Bodi ni waya uliokunjwa kwa mkono, magurudumu ni vizibo vya chupa au soli ya ndara iliyokatwa kwa kisu, na usukani ni waya mrefu unaomfika mwenyewe kifuani. Ni magari ya kupendeza, ila hayapatikani mawili yaliyo sawa. Gurudumu la gari hili halikai katika gari lile. Likivunjika, fundi wake mdogo hurudi jaani kutafuta zana, akaanza upya.

Mtu tunayemtaja leo naye alianza hivyo hivyo, kwa kukata vipande vya shaba nyumbani ili awatengenezee wanawe kitu cha kuchezea. Tofauti ni kwamba yeye aliona uchungu kwa ile hasara ya kuanza upya kila mara, na katika uchungu huo akapata wazo lililomtajirisha: kila kipande kitengenezwe kwa kipimo kimoja, kikae popote, kiondolewe, kikatumike tena. Mtu huyo ni Frank Hornby wa Liverpool, Uingereza, ambaye amefariki tangu mwaka 1936, na hata hivyo jina lake lingali likiandikwa juu ya masanduku ya treni za kuchezea. Ajabu ni kwamba waliobaki kumkumbuka kwa dhati ni wakusanyaji wa treni zake kuukuu, nao hawashughuliki sana na vile vilivyo sawa. Wanachokitafuta mchana na usiku ni kile kimoja kilichotoka kiwandani tofauti na wenzake.

Hornby alizaliwa tarehe 15 Mei 1863. Baba yake alikuwa mfanyabiashara wa vyakula, na mji wao ulikuwa mji wa bandari, kama Mombasa, ambako mtoto hukua akitazama winchi zikiinua shehena. Katika utoto wake alisoma kitabu cha Samuel Smiles juu ya watu waliojiinua kwa jasho lao wenyewe, kikamwingia kichwani kabisa. Akajaribu hata kuunda mtambo wa kujiendesha milele bila kusimama, kazi ambayo imewapotezea umri wengi waliokuwa na elimu kumshinda. Akaacha shule ana miaka 16, akawa karani katika biashara ya baba yake.

Mwaka 1887 alimwoa Clara Godefroy, binti mwalimu wa shule, wakapata wana wawili, Roland na Douglas, na binti mmoja, Patricia, ambaye hakujaliwa umri mrefu. Mwaka 1899 baba yake alifariki, na biashara ikafungwa. Hornby akaajiriwa kuandika vitabu vya hesabu kwa Bwana David Hugh Elliott, mwagizaji wa nyama kutoka ng'ambo. Umri wake ulikuwa miaka 36, umri ambao wengi wetu huwa tumekwisha kukata tamaa ya kuwa kitu kingine.

Yeye mwenyewe alisimulia kwamba wazo lake lilimjia akiwa ndani ya treni, usiku wa kuamkia Krismasi. Alikuwa akiwaza winchi ndogo aliyotaka kuwaundia wanawe, na jinsi vipande vyake vitakavyokuwa taabu kuvitengeneza, kisha vikae bure winchi ikichokwa. Ndipo akafikiri: kama kila kipande kitatobolewa matundu yenye umbali mmoja kati yao, nusu inchi, basi vipande vile vile vya winchi vitafunguliwa leo vikawe daraja kesho, na keshokutwa mkokoteni. Parafujo na nati zitafanya kazi yote. Ni wazo la karani wa hesabu, si la mchawi wa mitambo. Karani hapendi kuona senti imelala.

Mwezi Januari 1901 aliomba hataza ya kuulinda ubunifu wake. Hakuwa na fedha za kutosha, akamwendea tajiri wake, na Elliott akamkopesha pauni 5. Mwaka huo huo, tarehe 20 Desemba, reli iliyoanzia Mombasa ilifika ufukoni mwa Ziwa Viktoria, mahali tunapopaita Kisumu. Huku watu walikuwa wamekufa kwa mamia, wengi wao vibarua kutoka Bara Hindi, ili vyuma vifike ziwani. Kule karani mmoja alikuwa akiunda madaraja ya urefu wa dhiraa moja juu ya meza.

Masanduku ya kwanza yaliuzwa mwaka 1902 kwa jina refu lenye maana ya ufundi uliorahisishwa. Wauza vichezeo hawakuvutiwa, kwani vibati vyenye matundu havikuwa na sura ya kitu chochote. Kilichomwokoa ni sifa alizopewa na Profesa Hele-Shaw, bingwa wa uhandisi wa chuo cha mji huo, aliyeona kuwa mtoto akichezea vibati hivyo anajifunza kanuni za kweli. Faida ya kwanza haikuonekana hadi mwaka 1906. Mwaka uliofuata Hornby aliacha ukarani, akakodi kiwanda, na bidhaa yake akaibatiza Meccano. Kampuni ilipoundwa rasmi mwaka 1908, Elliott hakujiunga nayo. Sijui mfano mwingine wa pauni 5 zilizozaa mali nyingi hivyo huku mwenyewe akijitoa njiani.

Kufikia mwaka 1914 Hornby alikuwa na kiwanda kikubwa katika barabara ya Binns Road, Liverpool, na matawi Ufaransa na Ujerumani. Vita vya Kwanza vikalifuta tawi la Ujerumani, lakini vikamfungulia mlango mwingine. Kabla ya vita, treni nyingi za kuchezea zilizouzwa Uingereza zilitoka Ujerumani. Baada ya vita hapakuwa na Mwingereza aliyetaka kumnunulia mwanawe kitu cha Mjerumani. Soko likawa wazi, na mwaka 1920 Hornby akalijaza.

Treni hiyo ya kwanza ilikuwa ya bati, ikiendeshwa kwa mtambo wa springi. Unatia ufunguo, unazungusha, unaiachia, nayo inakwenda juu ya reli zenye upana wa milimita 32 hadi springi ichoke. Ajabu yake ilikuwa katika muundo. Hornby aliifunga treni nzima kwa parafujo na nati, kama Meccano, ili mtoto aweze kuifungua yote na kuifunga tena. Injini ilipatikana kwa rangi tatu, nyekundu, nyeusi na kijani, kila rangi ikiwakilisha kampuni moja ya reli ya wakati huo. Chini ya rangi hizo bati lilikuwa moja, na hata nambari iliyobandikwa ubavuni, 2710, ilikuwa hiyo hiyo.

Hapo ndipo palipozaliwa maradhi ya wakusanyaji. Mwaka 1923 makampuni ya reli ya Uingereza yaliunganishwa yakawa manne, na Hornby akalazimika kubadili rangi na herufi. Baada ya miaka michache aliziacha nati na parafujo, akafunga mabati kwa vilimi vya kukunja, ambavyo ni rahisi kiwandani ingawa mtoto hawezi tena kuifungua treni yake. Kwa hiyo anayeshika injini ya Hornby mkononi huigeuza kwanza tumbo juu, atazame imefungwa kwa nini, kabla ya kutazama rangi.

Uhodari wake mkubwa ulikuwa katika mabehewa ya mizigo. Tangi la mafuta likishachongewa kalibu, gharama ya kulipaka rangi nyingine ni ndogo. Likapakwa la Shell, likapakwa la Pratts, la National Benzole na la Redline, na mtoto aliyekuwa na moja akayataka yote. Mabehewa yaliyofunikwa yakabeba majina ya biskuti za Carr's na Crawford's, chokoleti ya Cadbury na ndizi za Fyffes. Kati ya hayo yote, behewa la haradali ya Colman's lilitengenezwa kwa muda mfupi tu, na leo ndilo linalowakosesha wakusanyaji usingizi. Ukiliweka kando ya behewa la biskuti, umbo ni lile lile. Bei ndiyo inayokwenda mbali, kwa ajili ya rangi peke yake.

Kiwanda cha Paris nacho kilitoa treni zenye rangi za reli za Ufaransa, na kwa wateja wa Argentina yalitolewa mabehewa yenye herufi za reli za huko. Bara letu liliingia kwa mlango wa nyuma. Katika treni za bei nafuu za mwanzoni mwa miaka ya 1920 kulikuwa na moja iliyoitwa Zulu, nayo injini yake ilikuwa nyeusi. Msomaji ataona mwenyewe jinsi fikira za dola zilivyoweza kuingia hata ndani ya sanduku la mtoto. Jina hilo halikudumu, na uchache wake umeifanya treni hiyo nayo kuwa ya kuwindwa.

Mwaka 1925 ilitoka treni ya kwanza ya Hornby ya kwenda kwa umeme, kwa sura ya injini za reli ya Metropolitan ya London. Aina moja ilichukua umeme moja kwa moja kutoka ukutani, nguvu zake zikipunguzwa kwa kupitishwa katika balbu ya taa. Mzazi wa leo akisikia hayo atashika kichwa. Baadaye kampuni iliteremka hadi volti 6, kisha ikakaa katika volti 20, na kwa mkusanyaji kila hatua hiyo ni injini nyingine kabisa, hata kama kwa nje zafanana.

Msomaji wa Nairobi asiyepata kuiona Hornby anaweza kuyaelewa maradhi haya akienda Makumbusho ya Reli, yaliyofunguliwa mwaka 1971 jirani na stesheni kuu. Huko imesimama injini nambari 5918, Mount Gelai, ya daraja la 59. Za daraja hilo ziliundwa 34, zote na Beyer, Peacock wa Manchester, si mbali na Liverpool ya Hornby, na kila moja ikapewa jina la mlima wa Afrika Mashariki. Mashine ni moja. Lakini zungumza na mzee aliyefanya kazi relini: ukimwambia umeona injini ya 59, hatakujibu mpaka umtajie ni mlima gani.

Tukirudi kwa mtu wetu, hakuwa bila kasoro. Matangazo yake yote yalisemezana na wavulana. Chama alichokianzisha mwaka 1928 kwa wapenzi wa treni zake, chenye beji yake, kilikuwa cha wavulana, na wasichana waliambulia nyumba ya wanasesere miaka mingi baadaye. Nusu ya watoto wa dunia ilikaa nje ya duka lake, na kwa mtu aliyejua hesabu kama yeye hilo ni jambo la kushangaza. Mwaka 1931 aliingia Bungeni kwa chama cha Conservative akiwakilisha Everton, akatoka mwaka 1935. Ubunge haukumwongezea sifa. Cha kukumbukwa zaidi katika miaka hiyo ni vigari vidogo vya madini ya kumiminwa, vilivyoanza kama mapambo ya kuweka kando ya reli zake, kisha mwaka 1934 vikapewa jina la Dinky Toys, vikaenea duniani kote.

Alifariki tarehe 21 Septemba 1936, moyo ukimsumbua na kisukari juu yake, akazikwa Maghull, kitongoji alichokuwa akiishi. Roland akashika usukani. Mwaka 1937 kiwanda kikatoa injini iitwayo Princess Elizabeth, fahari ya treni zake kubwa, na mwaka 1938 zikaja treni ndogo za Hornby Dublo, zenye upana wa milimita 16.5. Hizo mwenyewe hakuziona. Baada ya vita vya pili nguvu zilipungua, mwaka 1964 kampuni ikauzwa kwa Lines Brothers, na mwezi Novemba 1979 milango ya Binns Road ikafungwa. Jina lilinunuliwa na kuhamishwa, na ndilo linalouzwa mpaka leo.

Wakusanyaji walikuwa wamekwisha kuunda chama chao tangu mwaka 1969. Wana maadui wawili. Wa kwanza ni mwuzaji asiye mwaminifu. Kwa kuwa Hornby alitaka kipande chochote kikae popote, si vigumu kuchukua mtambo wa injini moja, bodi ya ya pili na magurudumu ya ya tatu, zikakaa sawasawa, zikauzwa kwa jina la injini moja nzima. Kipawa chake ndicho kilichowafungulia mlango walaghai. Adui wa pili yumo ndani ya madini. Zinki ya kumiminwa ya miaka ya 1930 mara nyingi iliingiwa na chembe za risasi, na zinki ya namna hiyo hutanuka, ikapasuka, ikamomonyoka yenyewe hata ikiwa imefungiwa sandukuni. Magurudumu ya Princess Elizabeth wengi wameyakuta yamekwisha kuwa vipande.

Ile injini ya bati ya mwaka 1920 haina maradhi hayo. Kutu ikizuiwa na springi ikitiwa mafuta, inatiwa ufunguo na inakwenda. Na ikigoma, mwenyewe huchukua bisibisi, akafungua nati moja moja.