Metchnikoff: Aliyeona mwili ukipigana na kuvu

WAHENGA walinena kwamba mdharau mwiba, mguu huota tende. Elie Metchnikoff hakuudharau mwiba.

Mtaalamu huyu wa wanyama alizaliwa mwaka 1845 karibu na Kharkiv, katika nchi ya Ukraine ya leo, enzi hizo ikitawaliwa na Urusi. Mwaka 1873 kifua kikuu kilimuua mkewe wa kwanza, Ludmila, kikamwacha mgane angali kijana.

Mnamo 1882 akiwa Messina, Italia, alidunga miiba katika mwili mwangavu wa kiluwiluwi cha kiti cha pweza. Siku iliyofuata alikuta chembe hai zimeizingira miiba hiyo. Akawaza kwamba chembe hizo ndizo askari wa mwili.

Hata hivyo, mwiba si ugonjwa. Ushahidi aliupata kwa dafnia, mnyama mdogo mno wa majini ambaye hushambuliwa na kuvu wa jamii ya hamira. Kwa hadubini, aliona vijimbegu vya kuvu, vyembamba kama sindano, vikitoboa utumbo na kupenya mwilini. Papo hapo chembe za damu zilivivamia, zikavimeza na kuvisaga. Ziliposhinda, dafnia alipona. Kuvu alipowahi kuzaana, dafnia alikufa. Matokeo hayo aliyachapisha mwaka 1884.

Wataalamu wengi, hasa wa Ujerumani, walimpinga vikali. Walishikilia kwamba kinga imo katika majimaji ya damu, wala si katika chembe. Mwaka 1888 Louis Pasteur alimkaribisha katika taasisi yake jijini Paris, naye akaitetea hoja yake huko kwa miaka mingi.

Mwaka 1908 alitunukiwa Tuzo ya Nobel pamoja na Paul Ehrlich, mtetezi wa upande wa majimaji. Kumbe wote wawili walikuwa na haki. Metchnikoff alifariki mwaka 1916, na kuvu yule wa dafnia sasa anaitwa Metschnikowia, kwa heshima yake.

Leo yajulikana kwamba chembe nyeupe za damu hummeza pia kuvu aitwaye kandida, nazo chembe T huziita na kuziongoza vitani. Virusi vya Ukimwi huziangamiza chembe T. Ndiyo maana daktari aonapo utando mweupe kinywani mwa mtu mzima, huenda akashuku kwamba kinga yake imedhoofika.