Masinde na kondoo mweusi wa Chetambe

Sarakasi ikitua Kitale ama Bungoma, jamaa akitembea juu ya kamba, hukosi kusikia mtu nyuma yako akinong'ona kwamba huyo ana mkataba na majini. Haya. Lakini ukitaka mkataba mzito na wafu, panda kilima cha Chetambe pale Webuye.

Elijah Masinde alizaliwa Kimilili karibu 1910. Kabla awe nabii alikuwa mchezaji boli, tena si wa mtaani: aliichezea Kenya dhidi ya Uganda kwenye Kombe la Gossage. Kanisa la Friends lilimtenga alipooa mke wa pili, akarudi kwa Wele, Mungu wa Wabukusu. Serikali ikamwita kichaa, ikamfungia Mathari 1945.

Alipotoka 1947 alipanda Chetambe na watu kama 5,000, pale Waingereza walipowaua Wabukusu 1895, akachinja kondoo mweusi. Hebu fuata hesabu yake: mababu wapewe damu wanayodai, nao wawaondoe wazungu. Mimi sioni wazimu hapo. Hata vibarua wa mashamba ya masetla Trans Nzoia, kule Kitale, walimwelewa.

Bei haikukawia. Februari 1948 polisi walifyatulia wafuasi wake risasi Malakisi, 11 wakafa. Yeye akahamishiwa Lamu miaka na miaka.

Wazungu walienda kweli. Halafu 1968 serikali yetu wenyewe ikapiga marufuku Dini ya Msambwa, na Masinde, mzee sasa, akaendelea kuingia na kutoka jela. Alikufa 1987.