Elijah Masinde: kutoka Kombe la Gossage hadi kisiwa cha Lamu

Hakuna jambo linalozusha ubishi barazani kama orodha ya wachezaji inapotangazwa. Iwe ni Mombasa, iwe ni Malindi, iwe ni Bumula huko Bungoma kwenye mashamba ya miwa, mambo ni yale yale. Siku hiyo kila mtu huwa mwalimu wa timu. Huyu atasema fulani ameonewa kwa kuachwa, na yule atasema fulani amebebwa. Wa tatu atauliza kwa nini wamechukuliwa washambuliaji watano ilhali ngome inavuja. Ubishi huo ni sehemu ya utamu wa mpira, na mshabiki asiye na maoni juu ya uteuzi si mshabiki.

Wenzetu wa Marekani wameufanya uteuzi kuwa sherehe. Katika ule mpira wao wa kubeba mkononi, klabu za kulipwa hukutana kila mwaka na kuwachagua vijana wanaotoka vyuoni, mmoja baada ya mwingine, na timu iliyoshika mkia ndiyo hutangulia kuchagua. Mtindo huo ulianza mwaka 1936 katika mji wa Philadelphia. Kijana wa kwanza kabisa kutajwa alikuwa Jay Berwanger wa Chuo Kikuu cha Chicago, aliyechaguliwa na Philadelphia Eagles, timu iliyokuwa ya mwisho msimu uliotangulia. Haki ya kumchukua ikauzwa kwa Chicago Bears, lakini hawakuafikiana naye juu ya malipo. Basi huyo wa kwanza kuchaguliwa hakucheza hata mechi moja ya kulipwa maishani mwake. Tangu siku hiyo washabiki wa huko wanajua kwamba kuchagua ni kazi ya wakubwa, lakini kukubali ni kazi ya aliyechaguliwa.

Sisi hapa Kenya tunaye mtu wetu ambaye maisha yake yanatoa funzo hilo hilo, tena kwa uzito zaidi, maana yeye hakubishania mshahara. Naye ni marehemu Elijah Masinde, mtu wa Bungoma. Wengi wanamjua kuwa ndiye aliyeongoza Dini ya Msambwa. Wachache wanakumbuka kwamba kabla ya hayo yote alikuwa mcheza kabumbu hodari, aliyechaguliwa kuichezea Kenya. Na wachache zaidi hapa pwani wanakumbuka kwamba serikali ya kikoloni ilimleta Lamu na kumweka huko kwa miaka mingi.

Masinde alizaliwa baina ya mwaka 1910 na 1912 huko Maeni, Kimilili, chini ya Mlima Elgon. Alikuwa Mbukusu. Watu wa Bumula, Kimaeti na Kabula, upande wa kusini wa nchi hiyo, ni Wabukusu vile vile, na habari zake ni habari zao. Mzungu alikuwa hajakaa sana katika nchi hiyo. Mwaka 1895 Hobley, aliyekuwa akitawala kutokea Mumias, mji uliokuwa kituo cha misafara ya wafanyi biashara wetu wa pwani, alikwenda kuwapiga Wabukusu katika ngome yao ya Chetambe. Watu wengi waliuawa. Masinde alikua akisikia habari za vita hivyo kwa wazee walioviona kwa macho yao.

Alisoma katika shule za misheni ya Friends, Wakristo wanaoitwa Quaker. Mpira uliingia sehemu hizo kwa mlango wa shule na misheni. Waalimu wa Kizungu waliupenda kwa kuwa uliwafundisha vijana kutii firimbi, kukaa katika nafasi zao na kushindwa bila ya kugombana. Vijana nao waliupenda kwa sababu zao wenyewe. Ni mchezo usiotaka mali. Miguu mitupu na kiwanja cha nyasi vinatosha, na mtoto wa maskini anaweza kumpiga chenga mtoto wa chifu mbele ya halaiki ya watu na asishitakiwe.

Masinde aling'ara. Akawa nahodha wa timu ya Kimilili, na mwaka 1930, akiwa kijana wa miaka ishirini hivi, akachaguliwa kuichezea Kenya dhidi ya Uganda katika Kombe la Gossage. Kombe hilo lilitolewa na kampuni ya sabuni ya Gossage ya Uingereza, na lilishindaniwa mara ya kwanza mjini Nairobi mwaka 1926. Mwanzoni lilikuwa la Kenya na Uganda tu. Tanganyika ikaingia mwaka 1945, na Zanzibar mwaka 1949. Mashindano ya Chalenji ya Afrika Mashariki na Kati ni mtoto wa kombe hilo.

Hebu tuupime uteuzi huo kama washabiki. Katika zama hizo hapakuwa na redio ya kutangaza mechi za Kimilili, wala gazeti la kumsifu kijana wa huko. Kavirondo ya Kaskazini, kama wakoloni walivyoiita wilaya hiyo, ilikuwa mbali na Nairobi kwa safari na kwa hadhi. Mchezaji wa mjini alionekana kila Jumamosi na wakubwa wenye kupanga timu, na wa mashambani hakuonekana. Kwa hivyo kijana wa Kimilili kupenya mpaka akavaa jezi ya Kenya ni dalili kwamba kipaji chake hakikuweza kufunikwa. Kwa maoni yetu, huo ulikuwa uteuzi wa haki. Aliangaliwa mguu, hakuangaliwa ukoo wala mahali alipotoka. Ni uteuzi wa namna hiyo tunaoutaka hata leo na mara nyingi hatuupati.

Lakini waliomchagua hawakujua wamechagua nini. Walidhani wamepata mchezaji, kumbe wamepata kiongozi. Unahodha humfunza mtu mambo mengi. Humfunza kusema na watu wakasikia, kuwapanga wenziwe, na kutomwogopa aliye mbele yake kwa ukubwa wa umbo lake. Hayo hayakwisha mpira ulipokwisha.

Baada ya kucheza alipata kazi ya utarishi katika baraza la wenyeji, akipeleka hati za kuwaita watu mahakamani. Huo nao ulikuwa uteuzi wa wakubwa, na huo tunasema ulikuwa wa makosa. Walimtaka mtu wa kupeleka amri, wakamweka mtu anayeuliza amri imetoka wapi. Humo barazani aliona kwa karibu jinsi serikali ilivyowatoza na kuwaadhibu watu wake. Katika miaka hiyo hiyo ya 1930 alioa mke wa pili, na misheni ikamtoa katika kanisa. Msomaji wa pwani, ambaye sheria ya dini yake inamruhusu mume kuoa zaidi ya mmoja kwa sharti la uadilifu, ataona mara moja uzito wa jambo hilo. Mtu aliambiwa kwamba desturi ya baba zake ni dhambi, na aliyemwambia ni mgeni aliyekuja juzi.

Zikaja taabu za Vita Kuu ya Pili. Vijana walikamatwa kwa nguvu wakafanye kazi katika mashamba ya masetla, na wengi walipelekwa upande wa Kitale, kwenye ardhi ya Trans Nzoia ambayo Wabukusu walihesabu kuwa ni malisho yao ya zamani. Wakulima waliamrishwa kung'oa magugu katika mashamba yao wapende wasipende. Masinde akasema hapana. Mwaka 1944 yeye na wafuasi wake walikataa amri hizo waziwazi, akashitakiwa na kufungwa. Kisha serikali ikaona kwamba mtu anayeikataa namna hiyo hawezi kuwa na akili timamu, ikampeleka hospitali ya wagonjwa wa akili ya Mathari, Nairobi, akakaa huko mpaka mwaka 1947. Msomaji na apime mwenyewe. Alipotii firimbi alikuwa fahari ya Kenya, na alipokataa amri akawa mwendawazimu.

Alipotoka hakunyamaza. Wakati huo Dini ya Msambwa ilikuwa imekwisha kuenea. Iliwaita watu warudie mila za wahenga na kumwomba Wele, jina ambalo Wabukusu humwitia Mungu, na ilitaka wageni waondoke na ardhi irudi kwa wenyewe. Mwezi wa Septemba 1947 aliwakusanya watu Chetambe kuwakumbuka waliouawa mwaka 1895. Mwezi wa Februari 1948 umati wa wafuasi ulikwenda misheni ya Kikatoliki ya Kibabii, karibu na mji wa Bungoma, ukawataka mapadri waondoke. Tarehe 10 mwezi huo, umati mwingine ulipofika Malakisi, polisi walipiga risasi na watu 11 wakafa. Siku chache baadaye Masinde alitiwa mbaroni, na dini yake ikapigwa marufuku. Hata hivyo moto haukuzimika. Mwaka 1950 huko Kolloa, katika nchi ya Wapokot, Lukas Pkiech na wafuasi wake walipambana na askari wa serikali, naye akauawa pamoja na wengi wengine.

Hapo ndipo habari hii inapoingia kwetu. Serikali ilitafuta mahali pa kumweka Masinde ambapo sauti yake isingefika Bungoma, ikachagua Lamu. Nao ulikuwa uteuzi, na Walamu hawakuulizwa. Mji wa Riyadha na Maulidi, mji wa wanavyuoni na washairi, ulifanywa kifungo cha mtu wa milimani ambaye kwao bahari ni jambo la kuhadithiwa. Zaidi ya miaka kumi ilipita kabla hajarudi kwao, mwanzoni mwa miaka ya 1960, uhuru ulipokuwa ukibisha hodi.

Sisi Waislamu hatuna haja ya kuikubali Dini ya Msambwa ili tumkumbuke mtu huyu. Itikadi yake si yetu, na hilo halina ubishi. Lakini dini yetu inatuamrisha insafu hata kwa yule tusiyeafikiana naye, na inatufunza kumhurumia mgeni aliyetengwa na watu wake. Historia ya Lamu haikukamilika pasipo kutajwa wale walioletwa huko kwa nguvu.

Baada ya uhuru wengi walitazamia kwamba Masinde atapumzika. Marufuku iliondolewa mwaka 1964, walakin mwaka 1968 dini yake ikapigwa marufuku tena. Yeye aliendelea kusema kwamba ardhi haikurudi kwa waliokuwa wakiidai, na Serikali ya Mzee Kenyatta ikamfunga tena na tena. Alipata nafuu mwaka 1978, baada ya Rais Moi kushika madaraka. Alifariki mwaka 1987, mzee wa miaka zaidi ya sabini, akazikwa kwao Maeni.

Wako wanaomwita shujaa na wako wanaomwita mkorofi, na kila upande una hoja. Mtu aliyefungwa na serikali ya wageni na serikali ya wenyeji hawezi kuwa rahisi. Yako mambo aliyoyasema ambayo hata watu wa Bungoma waliyakataa. Lakini tukimpima kwa mizani ya ile michezo aliyoanzia, jambo moja linabaki wazi. Alichaguliwa na wakubwa mara nyingi, kuwa mchezaji, kuwa tarishi, kuwa mgonjwa, kuwa mfungwa. Yeye mwenyewe alikubali ile ya kwanza kwa moyo wote, na zilizobaki alizikataa kila alipoweza.

Washabiki wanapokaa kupanga timu ya Kenya ya nyakati zote, wa pwani humtaja Ali Kajo wa Mombasa na kukumbusha kwamba Feisal ilitwaa ubingwa wa Kenya mwaka 1965. Wa magharibi humtaja Joe Kadenge na kujibu kwamba Abaluhya waliuchukua mwaka uliofuata. Ubishi huo ni mzuri, na uendelee. Ila orodha zetu zinaanzia karibu mno. Kabla ya hao wote palikuwa na vijana waliocheza Gossage pasipo picha wala redio, na majina yao yanapotea kila mzee anapokufa. Mmoja wao alikuwa kijana wa Kimilili. Kama alichezaje, hakuna filamu ya kutuonyesha. Kwamba alichaguliwa kwa haki, hilo latosha kumpa nafasi katika orodha. Na ikiwa Bungoma inamdai kuwa mtoto wake, Lamu nayo ina sehemu yake ya kumkumbuka, kwani miaka yake ya nguvu ilipita huko, mbali na kwao, kwa kosa la kukataa.