Henri Fayol

Henri Fayol (Istanbul, 29 Julai 1841 – Paris, 19 Novemba 1925) alikuwa mhandisi wa migodi na mkurugenzi wa kampuni kutoka nchini Ufaransa. Anahesabiwa kati ya waasisi wa elimu ya uongozi, na alieleza mapema jinsi taarifa zinavyopaswa kupita ndani ya kampuni.

Maisha

Alizaliwa Istanbul katika Milki ya Osmani, wazazi wake wakiwa Wafaransa. Alisomea uhandisi wa migodi huko Saint-Étienne. Alihitimu mwaka 1860 akaajiriwa katika migodi ya makaa ya mawe ya Commentry.

Mwaka 1861 farasi alivunjika mguu mgodini. Fayol aliandika hati ya kuomba farasi mwingine, lakini mtunza zizi aliikataa kwa sababu haikuwa na sahihi ya mkurugenzi. Mkurugenzi hakuwepo, wala hakuna aliyekaimu nafasi yake. Fayol aliweka tukio hilo katika kumbukumbu zake, akajifunza kwamba uongozi haupaswi kukosa mwakilishi mahali pa kazi.

Mwaka 1866 alikuwa meneja wa migodi ya Commentry. Mwaka 1888 alikabidhiwa kampuni nzima ikiwa karibu kufilisika. Alipostaafu mwaka 1918, ilikuwa imara kifedha.

Mawazo yake

Mwaka 1916 alitoa kazi yake kuu, Administration industrielle et générale. Humo alitaja kazi 5 za uongozi na kanuni 14. Kanuni mojawapo ni ngazi ya mamlaka, yaani mfululizo wa wakuu kutoka juu hadi chini.

Fayol aliona kwamba taarifa ikifuata ngazi hiyo yote huchelewa. Msimamizi wa karakana akimhitaji mwenzake wa ghala, ujumbe hupanda hadi kwa mkurugenzi, kisha hushuka upande wa pili. Hivyo alipendekeza "daraja": wawili hao waongee moja kwa moja, mradi wakuu wao wameruhusu na wanajulishwa walichokubaliana. Kwa njia hiyo kazi huenda haraka bila kuvunja heshima ya mamlaka.

Alihimiza pia mkutano wa kila wiki wa wakuu wa idara, na watu kuongea ana kwa ana badala ya kuandikiana barua pasipo lazima.

Kitabu chake kilienea zaidi baada ya tafsiri ya Kiingereza ya mwaka 1949. Hadi leo kanuni zake hufundishwa katika masomo ya biashara na uongozi.